Kiwanda kimeungua usiku: tuanze na nani?

SWALI: Mimi ni afisa uhusiano katika kiwanda chenye wafanyakazi wapatao 400. Mwezi uliopita ghala letu liliungua usiku. Meneja akaagiza tusiseme lolote mpaka uchunguzi uishe. Kulipokucha, magrupu ya WhatsApp yalishasambaza kwamba watu watatu wamekufa, na waandishi wamejaa getini. Hakuna aliyekufa. Tungeanza na nani, na tungesema nini wakati chanzo hatukijui?

JIBU: Poleni sana. Anzeni na wafanyakazi, hata ikiwa ni dakika kumi tu kabla ya waandishi. Mtu akisikia redioni habari za kazini kwake, kesho hatawaamini tena. Tumeni ujumbe mfupi kupitia wasimamizi wa zamu: "Ghala limeungua saa 7 usiku. Zimamoto wapo. Waliokuwa zamu wote wamehesabiwa, hakuna aliyeumia. Zamu ya asubuhi isubiri nyumbani. Taarifa nyingine saa 3." Kisha msemaji mmoja awape waandishi maneno hayohayo. Chanzo hamkijui? Semeni hamkijui, na mtaje nani anakichunguza. Mkinyamaza watamhoji mlinzi.

Ila msitangaze msichokihakiki, na hapa nasisitiza kwa uchungu. Januari 2006 mgodi wa makaa ya mawe wa Sago, West Virginia, Marekani, ulilipuka na wachimbaji 13 wakanasa chini. Usiku wa tarehe 3 zikavuja habari kwamba 12 wako hai. Ndugu zao waliokusanyika kanisani wakashangilia, kengele zikapigwa, magazeti yakachapa. Kumbe aliyekuwa hai ni mmoja tu. Viongozi wa kampuni walianza kuwa na mashaka mapema, lakini familia zikaachwa na furaha ile kwa muda wa karibu saa tatu. Angetumwa mtu pale kanisani aseme tu, "Habari mliyoipata huenda si sahihi, bado tunahakiki," wasingefikishwa pale.

Kwa hiyo idadi ya majeruhi na vifo ithibitishwe kwanza na hospitali na Polisi. Jina la marehemu lisitoke kabla familia haijaambiwa, tena ana kwa ana.

Kwa meneja wako, usibishane naye siku ya moto. Mpelekee wiki hii rasimu ya ujumbe huo aidhinishe mapema, yakibaki mapengo ya saa na mahali tu. Na namba za wasimamizi wa zamu ziwe kwenye simu yako, si ofisini.