Kwa anayeanza utafiti kwenye hifadhi za jangwani

Nianze na ardhi unayoikanyaga, maana ndiyo inayoharibika kwanza. Ule udongo mweusi wenye vinundu una uhai ndani yake: bakteria na kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) vimeshikana na mchanga ili upepo usiubebe. Unyayo mmoja huuvunja, na kupona kwake ni kazi ya miaka mingi. Huko California na Arizona, alama za vifaru vya mazoezi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1942 hadi 1944 bado zinaonekana. Basi pita kwenye makorongo makavu au juu ya mwamba, hata kama utazunguka.

La pili nalisisitiza kuliko yote: usiokote kitu. Jiwe lililochongwa na watu wa kale linaeleza mengi likiwa pale lilipoachwa, pamoja na vigae na majivu yaliyolizunguka. Likishaingia mfukoni, habari hiyo imepotea. Weka rula kando yake, piga picha, andika mahali lilipo, liache. Kwenye ardhi za serikali kuu ya Marekani, sheria ya 1979 inalinda masalia ya kale yaliyofikisha miaka 100, na kuyachukua bila kibali ni kosa la jinai. Vipimo vya GPS navyo usivitangaze, kwa kuwa waporaji husoma ripoti zetu.

Jifunze fani ya mwenzako pia. Kuna panya wa Amerika Kaskazini wanaolundika vijiti, majani na mifupa mapangoni, na mkojo wao ukikauka hugandisha lundo zima. Mengine yamedumu zaidi ya miaka 40,000. Asiyejua atalipita akidhani ni takataka, kumbe majani yale ndiyo yaliyotuonyesha kuwa miti ya mireteni iliwahi kuota penye vichaka vya jangwa leo.

Kuhusu vibali, omba mapema, na wenyeji uwaendee kabla mpango haujakamilika, wakiwa bado na nafasi ya kuubadilisha. Pale Death Valley, bonde la jangwa huko California, Watimbisha Shoshone, wenyeji wa asili wa hapo, walirudishiwa sehemu ya ardhi yao kwa sheria ya mwaka 2000. Kwao hapo ni nyumbani, na wanajua maeneo yasiyofaa kuchimbwa.

Ukifanya kazi kwenye jangwa la Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani, usimwinue kobe. Hutunza maji kibofuni, na akishtuka huyamwaga. Wakati wa ukame hasara hiyo inaweza kumuua. Hupenda pia kivuli cha gari, kwa hiyo inama uchungulie chini kabla ya kuwasha injini.