Kiulizi ndani ya sentensi

SWALI: Katika hadithi ninayoiandika kuna sentensi hii: "Utarudi lini?", Asha aliuliza. Mwenzangu mmoja anataka niondoe koma. Mwingine anasema ibaki kwa sababu sentensi haijaisha. Nimfuate yupi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mfuate wa kwanza. Kiulizi kikishafunga maneno ya msemaji, koma haina kazi tena:

"Utarudi lini?" Asha aliuliza.

Kama Asha angekuwa anaeleza, koma ingehitajika: "Nitarudi kesho," Asha alisema. Hapo koma imeshika nafasi ya nukta. Kiulizi hakiachii nafasi yake, na sababu imo katika Kiswahili chenyewe: hatugeuzi mpangilio wa maneno ili kuuliza. "Baba amekuja" na "Baba amekuja?" ni maneno yaleyale, mdomoni kinachotofautisha ni kiimbo, kwenye karatasi ni alama hiyo tu. Ukiandika "Baba amekuja," aliuliza, msomaji ataisoma kama taarifa, akifika kwenye "aliuliza" itambidi arudi nyuma.

Angalia na herufi. Asha ana herufi kubwa kwa kuwa ni jina la mtu. Ukilipeleka jina nyuma, andika: "Utarudi lini?" aliuliza Asha, kwa a ndogo. Programu za kuandikia, hasa za simu, zikiona kiulizi hudhani sentensi imekwisha, zikaweka A kubwa. Irudishe mwenyewe.

Swali likija mwishoni, koma hutangulia, U huwa kubwa, na nje ya alama za kunukuu huongezi nukta: Asha aliuliza, "Utarudi lini?" Likikatwa katikati, kiulizi husubiri mwisho:

"Kwa nini," Asha aliuliza, "hukuniambia mapema?"

Gumu zaidi ni pale sentensi nzima inapokuwa ndiyo swali: Nani alisema, "Nitarudi kesho"? Anayetafutwa ni msemaji. Maneno yake si swali, kwa hiyo kiulizi kinatoka nje. Yote mawili yakiwa maswali, kiulizi kimoja kinatosha, nacho hukaa ndani: Nani aliuliza, "Utarudi lini?"

SWALI: Je, naweza kuandika: Aliniuliza kwamba, "Utarudi lini?" (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana. Umechanganya usemi halisi na usemi wa taarifa. Ukitaka maneno yenyewe, futa "kwamba". Ukitaka taarifa, andika: Aliniuliza ningerudi lini. Nafsi imebadilika, alama za kunukuu zimeondoka, na kiulizi pia. Kukiacha mwishoni kwa mazoea ni kosa la kawaida katika majibu ya mtihani. Swali la "Je" huchukua "kama" au "iwapo": "Je, umekula?" inakuwa Aliniuliza kama nilikuwa nimekula.

Lakini usidhani kiulizi hutegemea alama za kunukuu. Swali la moja kwa moja hubaki nacho hata bila hizo:

Tatizo ni hili: nani atalipa?