Mwiko 1 haijarudi

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni fupi: "Simu na kompyuta yako umeziweka lugha gani, na umewahi kujuta?" Jibu langu nalo ni fupi. Zote mbili ziko kwa Kiswahili, na nimejuta, mara ya mwisho nikiwa nimekalia begi langu pale kituo cha Magufuli, Mbezi, saa tano asubuhi, basi langu la Tanga likiwa linaikaribia Segera.

Nieleze kwanza mimi ni nani, msije mkadhani ni mtu wa vyeti. Mchana ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Usiku nafungua kompyuta mbovu za watu, nazipuliza vumbi, nazitia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na kuzirudisha kwa wenyewe. Mke wangu ameshazoea, ile meza yenye nyaya anaiita mke mwenza.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa na laptop ya jirani, nikalala saa nane. Basi linaondoka saa kumi na mbili, basi niamke saa kumi. Nikategesha kengele, nikaandika 10:00, simu ikanijibu kwa Kiswahili kitamu kabisa, "asubuhi", nikaridhika nikajifunika shuka. Kengele ililia saa nne.

Simu ikiwa ya Kiingereza siwezi kufanya kosa hilo. Tangu shule ya msingi kichwa kimezoeshwa: ukiona 7 sema saa moja, ukiona 10 sema saa nne. Kinajua kiko ugenini, kinakaa macho. Simu ikianza kuongea Kiswahili, kichwa kinavua viatu na kukaa mkekani. Kosa linaingilia hapo hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mashine inajua. Kuna hazina moja ya data inaitwa CLDR, inatunzwa na shirika la Unicode, na ndiyo inayoziambia simu na kompyuta nyingi duniani majina ya siku na miezi kwa kila lugha. Ukifungua sehemu ya Kiswahili utakuta adhuhuri imeandikwa "saa sita za mchana". Saa sita! Halafu ukija kwenye tarakimu, simu hiyo hiyo inakuandikia 12:00. Neno limetafsiriwa, saa yenyewe imeachwa ilivyokuja.

Watu wakiisema vibaya kompyuta ya Kiswahili huwa wanayasema maneno. Nywila ndiyo nini, kivinjari ndiyo nini, nani anaita kompyuta tarakilishi. Mimi naona maneno yanajitafutia riziki yenyewe. Tarakilishi haikuipata, kompyuta imekaa na haitoki. Nywila imebaki kwenye fomu, mtaani tuna namba ya siri na paswedi. Kishkwambi, yaani tableti, kilichekwa sana, hadi Agosti 2022 makarani wa sensa walipopita mlango kwa mlango wakiwa na kitu chenyewe mkononi, na baada ya sensa vikagawiwa kwa walimu. Leo mwalimu jirani yangu anasema "kishkwambi changu kimeisha chaji" na hakuna anayegeuka kumtazama. Akili mnemba, yaani AI, nayo nilipoisikia mara ya kwanza nilifikiri habari ni ya kile kisiwa cha kaskazini-mashariki ya Unguja, watalii wanakokwenda kuangalia samaki. Sasa naitumia mwenyewe.

Na maneno mengine yalikuwa kazini kabla kompyuta haijafika. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini. Nilipomwambia napakua faili hakuhitaji maelezo, maana kupakia na kupakua ndiko kulikomlipia ada yangu. Hiyo ilikuwa kabla ya SEACOM, waya wa intaneti wa chini ya bahari, kufika Dar Julai 2009, enzi za kulipia intaneti kafe kwa saa na kutoka na nusu ya faili. Nikamlalamikia kwamba haishuki. Akauliza, "Meli ni kubwa au gati ni jembamba?" Sijasikia mhandisi akilieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Kwa hiyo mimi na maneno hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na sentensi, na aliyenifungua macho ni shangazi.

Shangazi yangu, Tabata, anakodisha vyombo vya shughuli: viti, meza, maturubai, masufuria, sahani, miko, pawa. Msimu wa harusi daftari lake linajaa mikwaruzo hadi hajui nani ana nini. Nikajitolea kumwandikia programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Chombo kikitoka anaandika, kikirudi anaandika, jioni anabonyeza sehemu moja kuona madeni. Niliijaribu wiki nzima nyumbani, ikawa haina kosa hata moja la hesabu. Siku ya kumkabidhi nikaamkia, nikakaribishwa chai, nikafungua laptop kwenye jamvi, nikabonyeza. Ikatoka hivi:

Viti 40 haijarudi.
Sufuria 3 haijarudi.
Mwiko 1 haijarudi.

Shangazi alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, akasoma wa pili, wa tatu hakuumaliza. Alicheka hadi mjukuu wake akaja kuchungulia. "Baba, hii mashine yako imelelewa wapi? Mbona inaongea kama mtalii anayeuliza bei ya vinyago pale Mwenge?"

Nilikuwa nimefanya kosa lile lile ninalowalaumia wageni. Nilijifunza kuandika programu kwa vitabu vya Kiingereza, na Kiingereza kinakufundisha kuandika sentensi yenye tundu. Unaandika sentensi mara moja, unaacha tundu la jina la kitu, programu inalijaza. Kwao ukichomeka kiti, mwiko au turubai, kitenzi hakijali, ilimradi umekiambia ni kimoja au vingi. Kwetu jina likiingia kwenye tundu, sentensi nzima inapaswa kusimama na kujipanga upya nyuma yake.

Hata zana zenyewe haziulizi. Programu huria nyingi zinatafsiriwa kwa chombo kinaitwa gettext. Kuhusu jambo hili kina swali moja tu kwa lugha yako: ina namna ngapi za umoja na wingi? Kiswahili unajibu mbili, yamekwisha. Hakikuulizi mwiko uko ngeli gani. Mfasiri, ambaye mara nyingi ni mtu wa kujitolea, anakutana na tundu asilojua litajazwa nini, anaangalia kushoto na kulia, anaandika "imefutwa" na kwenda zake kulala. Ndiyo maana simu yako inakwambia kiungo imenakiliwa. Ukimlaumu mfasiri unamwonea.

Nilirudi nyumbani nikaongeza safu moja kwenye jedwali la vyombo: ngeli. Kiti ni ki-vi, mwiko u-i, upawa u-zi, turubai li-ya, sahani i-zi. Mistari mitano. Nikaandika viambishi vya kila ngeli kwa umoja na kwa wingi, na hapo nikaona kitu ambacho miaka yote ya kukisema sikuwahi kukiona: "haijarudi" ni sahihi kwa sahani moja, na ni sahihi pia kwa miko miwili. Kiambishi kimoja, huku umoja, kule wingi. Mashine inayokisia lazima ikwame. Sufuria ilizua mjadala nyumbani. Mke wangu anasema sufuria hazijarudi, shangazi anasema masufuria hayajarudi. Biashara ni ya shangazi, nikaandika hayajarudi.

Mtaniuliza kama kuna programu ya Kiswahili iliyofanikiwa. Ipo, na mnaitumia kila siku bila kuiita programu. Mama anayechoma vitumbua Buguruni hajawahi kufungua mpangilio wa lugha maishani mwake, lakini nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli anaibonyeza huku anageuza kitumbua kwa mkono wa pili. M-Pesa iliingia nchini 2008, wengine wakafuata, na kwa menyu zile watu wamejifunza salio, muamala, wakala na namba ya siri bila semina. Nimejiuliza sana kwa nini pale Kiswahili kinateleza. Nadhani sehemu ya jibu ni ufinyu. Ujumbe wa USSD, yaani hizo menyu za nyota na reli, haubebi zaidi ya herufi 182, kwa hiyo hakuna nafasi ya maringo. Na kinachohesabiwa ni kitu kimoja tu, shilingi. Shilingi haibadilishi ngeli njiani. Tundu lipo, ila linajazwa kitu kile kile kila siku.

Wezi wa mtandaoni nao wanaandika Kiswahili bora kuliko simu zetu, samahani kwa kuwasifu. "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Angalieni kazi inayofanywa na hiyo "ile". Haimtaji mtu, haitaji kiasi, haitaji deni. Lakini nani mjini hapa hana pesa fulani anayodaiwa na mtu fulani? Kiashiria kimoja kinakufanya umalize sentensi mwenyewe kichwani, na pengine umalize na salio. Tafsiri ya mashine haitoi sentensi kama hiyo. Imeandikwa na mtu anayejua jinsi tunavyoishi.

Wenye ujuzi huo kwa njia ya halali nilikutana nao zamani, kwenye kibanda umiza. Mnakumbuka muvi za kutafsiriwa, zile za mtafsiri Lufufu na waliomfuata. Mchina anafoka dakika nzima, mtafsiri anasema, "Amekataa." Halafu steringi anasema neno moja tu, mtafsiri anamwaga hotuba, anataja na Manzese ndani yake. Ukimpa mtihani wa tafsiri anafeli. Lakini benchi zima lilikuwa linajua nani ana deni na nani, na kwa nini steringi hafi. Wataalamu wanaita ujanibishaji. Sisi tulilipa kiingilio tukakaa, na neno hilo hatukuwa tunalijua.

Msidhani hakuna waliojaribu kwa upande wa kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili, bure. Microsoft nao wakaja na gamba la Kiswahili la kuvisha juu ya Windows ya Kiingereza, ukilikwaruza kidogo Kiingereza kinatokeza. Mimi nilizitia zote kwenye kompyuta za ofisi kwa nyakati tofauti, na kila mara bosi alinipa siku mbili nizitoe. Alisema hakioni kitufe cha kuchapisha. Kilikuwa pale pale, kina picha ile ile ya printa. Macho yake yalikuwa yamekariri umbo la neno la Kiingereza, hata halisomi. Sikumlaumu, nami saa yangu ilikuja kunifanyia hivyo hivyo.

Basi kwa nini sijarudisha Kiingereza? Nimekirudisha mara mbili, kusema kweli, na mara zote nikajikuta nimeacha kuona makosa. Simu ya Kiingereza ikisema kitu nakubali tu. Ya Kiswahili nabishana nayo, na nikibishana nayo ndipo napata cha kurekebisha usiku kwenye ile meza yenye nyaya. Kengele natega kwa kutazama ile saa ya mishale ya ukutani kwanza. Mke wangu anatega ya kwake pia, hajasahau nauli iliyopotea.

Programu ya shangazi inaendelea. Mwezi uliopita alinunua vijiko na uma za kukodisha, nikaviingiza. Vijiko havikunisumbua. Uma nikaenda kamusini, nikahakikisha: uma, wingi nyuma. Nikaandika hivyo hivyo kwa ujasiri wa mtu mwenye kamusi. Jumapili usiku, baada ya harusi ya Kinyerezi, simu ikaita.

"Baba, shikamoo yako nimeipokea, sikiliza. Mashine inasema nyuma sita hazijarudi."

"Ndiyo shangazi."

"Nyuma za nani?"

Nimeandika uma 6 hazijarudi, kamusi inisamehe. Na kweli hazijarudi hadi leo.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam