Mkuu, weka hicho kisu chini kwanza

Mkuu usiguse kitu. Umesema trei ya CD ya kompyuta yako imegoma kutoka, ndani kuna CD ya picha za familia ambazo huna kopi nyingine, mashine nayo inachelewa kuwaka CD ikiwa imo, na sasa unataka kuchokonoa kwa kisu kwa sababu kuna jamaa kakwambia "inua kidogo tu itaachia". Huyo jamaa namjua! Yaani sio yeye, ila wa aina yake. Wangu alikuwa anajiita fundi, akanielekeza kwa kujiamini kabisa, chukua kisu chembamba, pitisha juu ya trei, sukuma, inua. Nikapitisha, nikasukuma, nikainua, nikasikia krrrr, nikajua ndo inaachia hiyo.

Trei ilitoka kweli. Ilitoka na kile kiplastiki cha mbele na meno mawili matatu ya gia. Nilijiona daktari bingwa, mgonjwa katoka mzima kumbe roho imebaki humo ndani.

Hayo ya gia wala sio ishu, draivu (kile kifaa kinachosoma CD) unanunua nyingine yanaisha. Ishu ni CD. Kisu kilipita upande wa juu, wenye maandishi, na mimi nikawa natabasamu maana upande unaong'aa ulikuwa safi kabisa. Sasa sikiliza. Kwenye CD data haiko huko chini unakokuangalia, iko juu kabisa, imefunikwa na vanishi na rangi ya lebo basi. Upande wa chini kuna plastiki ya karibu 1.2 mm, ukikwaruzika mara nyingi unasuguliwa na inasoma, ila huku juu ukikwaruza umebandua lile tabaka linalorudisha mwanga wa leza, hakuna cha kusugua, hakuna programu ya kuokoa, imeenda. Niliielekeza kwenye taa nikaona mwanga unapenya kwenye mchoro wa kisu. DVD ina nafuu kidogo maana data imekaa katikati ya plastiki mbili. Yako umesema ni CD.

Nikamrudia fundi wangu. Unajua alinijibu nini? Eti "CD yenyewe ilikuwa ya zamani". Ya zamani! Kwani kisu kilikuwa kipya?

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba njia ipo na haina gharama. Tazama mbele ya draivu, karibu na kitufe cha kufungulia, utaona katundu kadogo kama ka sindano. Wengi tunadhani ni ka maiki. Waliotengeneza walikaweka kwa shida hii hii. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, subiri kidogo CD iache kuzunguka (hizo draivu za kasi kubwa, zinazoandikwa 52x, zinazungusha CD hadi kama mara 10,000 kwa dakika, usilete mchezo), nyoosha klipu ya kubania karatasi, ingiza moja kwa moja bila kuipinda mpaka uhisi kitu kinakataa, hapo kandamiza taratibu. Trei itasogea nje kidogo, malizia kuivuta kwa vidole pole pole. Kama ni laptopu inaachia ghafla, usiivute kwa hasira, maana kwenye zile nyembamba lenzi imekaa kwenye trei yenyewe na inatoka na utepe wake wa waya. Kama draivu yako haina trei, ni ule mdomo wa kumeza tu, basi usichokonoe kabisa, kwa chochote.

Sasa kama trei inafunguka vizuri ikiwa tupu na inagoma ikiwa na CD tu, mara nyingi ni kale kamkanda ka mpira kanakovuta trei, kamelegea, hakana nguvu ya kuishinda sumaku inayobana CD pale juu. Kanabadilishwa, ni kitu kidogo. Atakayekubadilishia akianza kuulizia kisu, chukua mashine yako uondoke.

CD ikitoka usiirudishe humo humo kujaribu kama imepona, najua mkono utakuwasha. Ipeleke kwenye draivu nzima, kopi picha zote sehemu mbili, halafu ndo urudi kuhangaika na huo mkanda.