Kabla Wimbo Haujapendwa

Nilipiga gitaa la solo kwenye bendi moja ya Dar es Salaam kwa miaka 12, kuanzia 1981. Siku bendi ilipovunjika nilitoka getini na shati la sare na bahasha yenye nyuzi mbili za akiba. Gitaa nililolipiga miaka yote hiyo lilibaki stoo, kwa sababu lilikuwa mali ya shirika lililotuajiri, pamoja na spika, tumba, tarumbeta na lile basi dogo la kutubebea. Jina la bendi nalo lilikuwa la shirika. Leo nina miaka 63, na vijana wanaoanzisha bendi wananijia kuniuliza habari za vidole. Ya vidole nitawaeleza, wanangu, lakini naomba tuanzie kwenye ule mlango wa stoo.

Zama zile karibu kila bendi kubwa ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikabadilishwa jina. Kilipokuwa OTTU, ikabadilishwa tena. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi, Magereza, JKT, Umoja wa Vijana, wote walikuwa na bendi zao. Mpango huo ulikuwa na neema yake, sitauficha. Tulipata mshahara kila mwezi, na mtu wa kipato changu asingeweza kuagiza gitaa la umeme kutoka nje wakati nchi yenyewe haina fedha za kigeni. Hata nyuzi zilikuwa adimu. Uzi ukishakufa sauti tuliuvua, tukauchemsha kwenye sufuria mpaka mafuta na jasho la vidole vitoke, tukaukausha kwa kitambaa na kuurudisha. Unapata siku tatu nne za sauti safi, halafu unabandika sufuria tena.

Lakini angalieni kilichobaki. Ile bendi ya wafanyakazi ilibadilishwa majina na wakubwa, wapenzi wakaendelea kuiita kwa mtindo wake, Msondo, na hilo ndilo jina iliyobaki nalo mpaka leo. Mlimani Park ukiitaja uswahilini watu wanasema Sikinde, jina la mtindo wake, basi. Mtindo ulitengenezwa na wanamuziki jukwaani na watu waliokuwa wakicheza mbele yao, na hakuna aliyeweza kuufungia stoo. Kwa hiyo mkianzisha bendi, kabla hata ya kutafuta ukumbi, kaeni muulizane jina ni la nani. Ni la mwenye vyombo? La kiongozi? La wote? Mmoja akiondoka, anaondoka nalo? Nimewaona watu waliokua pamoja tangu utoto wakiacha kusalimiana kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa kwenye ngoma kubwa ya drams.

Sasa vidole. Kila kijana anayekuja kwangu anataka solo, na wote nawaanzisha na rithimu. Bendi yetu ya dansi ilikuwa na magitaa manne: solo, solo la pili, rithimu na besi. Kila moja lina kauli yake fupi inayojirudia, na utamu wote uko kwenye zile nafasi ambazo mmoja ananyamaza ili mwenzake asikike. Kiongozi wetu aliniweka kwenye rithimu miezi saba. Nilinuna kweli kweli, maana nilikuwa nimekuja kwa solo. Siku moja mazoezini akaniambia nizime amplifaya, niendelee kupiga kavu huku bendi inakwenda, nisikilize tu. Wiki nzima nilipiga hivyo. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa natangulia tumba, kidogo sana, kiasi ambacho msikilizaji asingeweza kukitaja lakini miguu ya mchezaji ingekijua. Nilikuwa nausukuma wimbo mzima na sikuwa na habari.

Tafuteni kazi za Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 kwa wanamuziki waliotoka Simba Wanyika, mkaisikilize rithimu ya Omar Shabani. Pigeni naye dakika kumi bila kubadilisha chochote. Mkono ukianza kutamani mapambo, urudishe. Mkiweza dakika kumi, hata chemko mtaliweza. Nyimbo zetu zilikuwa na sehemu mbili, ya kwanza ya taratibu waimbaji wakisimulia kisa, na ya pili ya kuchemka, magitaa yamepachikana na tarumbeta zinajibizana na solo. Mpiga solo aliyemaliza maneno yake yote sehemu ya kwanza, kwenye chemko anabaki kurudia yale yale, na ukumbi unamwona.

Kuna jambo moja ambalo limenikaa moyoni zaidi ya yote, na ndilo lililonifanya niandike.

Ilikuwa Jumanne ya mazoezi, mwaka 1984. Mwimbaji wetu mmoja alikuja na daftari la shule, la mistari, ameandika kisa cha mke aliyesusa. Akatuimbia mara mbili akipiga meza kwa vidole. Mimi nilikuwa pembeni natyuni uzi wa kwanza, uliokuwa umechemshwa asubuhi na haukai. Katika kuupandisha na kuushusha nikaangukia kwenye kauli fulani, sauti saba hivi, zinapanda kisha zinarudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kiongozi akageuka. "Rudia hiyo." Nikarudia. Mpiga besi akaingia chini yake bila kuambiwa. Mpaka saa kumi na mbili jioni tarumbeta zilikuwa zinaijibu kauli ile, na wimbo ukawa na mlango wake wa kuingilia.

Tukaenda kurekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu. Maneno ya wimbo yalishapelekwa kabla na kukaguliwa, ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Tulipiga wote kwa pamoja, mara moja, bila kurekebisha kipande. Mmoja akikosea, mnaanza upya. Mtangazaji akataja jina la bendi na jina la mtunzi. Wimbo ukapendwa. Ukumbini nikizigusa zile sauti tatu za kwanza tu, watu walikuwa wanaacha chupa mezani na kusimama.

Miaka mingi baadaye, bendi imekufa, nilikuwa kwenye daladala ya kwenda Mbagala. Simu ya mtu ikalia, na mlio wake ni ile kauli yangu. Nilitetemeka. Nikafuatilia nilikoweza, nikaambiwa kwa upole kwamba mwenye wimbo ni mtunzi, na mtunzi ni yule aliyeandika maneno na kuimba sauti. Hilo sina ugomvi nalo, wimbo ulikuwa wake. Lakini yeye alishafariki, na nilipokwenda kwa mjane wake nikakuta naye hajawahi kupata hata senti moja. Hakujua kama kuna kitu cha kudai. Watoto walilijua daftari la baba kama kumbukumbu tu, wamelifungia kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati.

Tulichukua lile daftari na kaseti moja tukaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, mimi na mjane na kijana wake mkubwa. Huko ndiko nilikojifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua nikiwa na miaka 19. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake watoto wa mwenzangu bado wanayo. Haki hiyo haingoji usajili ndipo iwepo. Ila mgawo wa fedha za nyimbo hauwezi kukutafuta kama jina lako na nyimbo zako hazijulikani popote, kwa hiyo sajilini. Na sisi wapigaji tusio watunzi, kile kipande cha hakishiriki kinatuhusu: mtu anayepiga au kuimba kwenye rekodi naye anatambuliwa. Kisomeni wenyewe, msingoje mzee awasimulie.

Ninachowaomba mfanye ni kidogo mno. Siku ile ile wimbo unapokamilika mazoezini, kabla hamjaenda studio, chukueni karatasi. Andikeni jina la wimbo, tarehe, nani kaleta maneno, nani kaleta sauti ya kuimba, nani katunga kauli ya gitaa, mafungu mnagawanaje, kila mtu aweke sahihi, kila mtu abaki na nakala. Wakati huo wimbo haujapendwa na hakuna anayeugombea, kila mtu ni mkarimu. Ukishapendwa, mtu mwema kabisa atakumbuka mambo tofauti na mwenzake, na wote wawili watakuwa wanasema kweli kadiri wanavyokumbuka.

Kuhusu kuhama bendi sina mengi. Wakubwa wetu walihama. Muhiddin Maalim Gurumo alitoka NUTA akaenda Mlimani Park, akaenda Safari Sound, akarudi Msondo, na heshima yake haikupungua. Ukiitwa kwingine, kabla ya kuuliza mshahara uliza vyombo ni vya nani na akiumwa mwanamuziki nani anamtibu. Na nunua gitaa lako, hata la kavu, hata kwa kudunduliza mwaka mzima. Nilikaa miaka miwili baada ya bendi kufa bila kugusa uzi, na vidole vilinidai.

Lindeni na masikio. Spika kubwa ilikuwa kushoto kwangu miaka yote 12, na sikio hilo leo halisikii adhana ya msikiti wa jirani.

Mwezi uliopita vijana watano wa mtaani kwetu walimaliza wimbo wao wa kwanza sebuleni kwangu, nikawapa karatasi na kalamu. Wakaandika vizuri: maneno, sauti, solo, besi. Mpiga drams, mdogo kuliko wote, ana miaka 17, akaisoma juu hadi chini kisha akaniuliza, "Babu, mimi nipo wapi?" Tukaitazama tena wote. Hapakuwa na mstari wake. Tukauongeza, akaandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, na wenzake wakasubiri amalize.