Tivii za kibandani zinamaliza LUKU

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha mpira huku Kirumba, tivii mbili inchi 43, uniti zinayeyuka balaa. Jamaa kasema nikiweka picha ya giza umeme unapungua, kweli?

JIBU: Marahaba. Kapatia nusu. Ingekuwa OLED sawa, kila nukta inawaka yenyewe, penye weusi inazima, ila zako bila shaka ni LCD, zile boksi limeandikwa LED, taa ziko nyuma na kwa kawaida zinawaka muda wote hata picha ikiwa nyeusi tii, kioo kinaziba mwanga tu. Dili na hizo taa. Ingia setingi za picha, mara nyingi utakuta bado iko kwenye ile ya kung'aa ya kuvutia wateja dukani (macho yenyewe yanauma!), weka ya sinema, kisha shusha baklaiti (mwanga wa hizo taa za nyuma) mpaka watu waanze kulalamika, rudisha kidogo. Tundika na pazia zito mlangoni, maana jua la mchana ndo linakufanya upandishe mwanga. Tivii ya wati 80 kwa saa 10 ni uniti 0.8, zako soma kibandiko cha nyuma. Halafu friji la soda hujalitaja, lipo?