Seva moja ilizimika, foleni nzima ikapotea

Swali: Habari mhandisi. Mimi ni mwanaprogramu hapa Nairobi, Industrial Area. Taarifa za malipo ya M-Pesa ya wateja wetu hupitia foleni ya RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe na kuupanga foleni, kabla ya kuingia kwenye hifadhidata. Niliunganisha seva mbili ziwe klasta, moja ikianguka nyingine ishike kazi. Wiki jana umeme ulikatika, seva ya kwanza ikazimika. Ya pili ilibaki hai lakini foleni ikawa haipatikani. Ya kwanza iliporudi, malipo kadhaa hayakuonekana tena. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, najua ulivyohangaika kuyatafuta malipo hayo moja moja.

Klasta ya RabbitMQ hugawana majina ya foleni, watumiaji na ruhusa zao. Ujumbe wenyewe, katika foleni ya kawaida, hukaa kwenye seva moja tu. Seva yako ya pili ilijua kwamba foleni ipo, ila mzigo haukuwa kwake.

Unachohitaji ni foleni ya akidi, inayonakili ujumbe kwenye seva kadhaa, iliyokuja na toleo la 3.8 mwaka 2019. Unaitangaza kwa kuweka `x-queue-type` kuwa `quorum`. Ukiona mafundisho ya zamani yanayosifu foleni za kioo (mirrored queues), njia ya zamani ya kunakili ujumbe, yaache: ziliondolewa kwenye toleo la 4.0. Akidi hapa ni ile ile ya Bungeni, wajumbe wasipotimia kikao hakiendelei. Ujumbe huhesabiwa umehifadhiwa pale zaidi ya nusu ya seva zinapokuwa zimeuandika kwenye diski.

Sasa piga hesabu. Zaidi ya nusu ya seva mbili ni zote mbili, kwa hiyo moja ikizimika kazi inasimama. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu; hapa hata mawili hayatoshi. Weka seva tatu, upate kuvumilia kuanguka kwa moja. Nne hazikuongezei kitu, bado utavumilia moja tu. Tano huvumilia mbili.

Na tatu ziwe tatu kweli. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ya sacco, klasta imekufa yote. Kwenye skrini seva zilikuwa tatu. Chini ya meza nilikuta kompyuta moja, pawasaplai imeungua, harufu ya plastiki bado chumbani. Seva zote tatu zilikuwa za kidhahania ndani ya mashine hiyo moja. Tenganisha mashine, umeme na swichi za mtandao, lakini ziwe karibu kimtandao. Usiweke moja Nairobi na nyingine Ulaya ukaziita klasta.

Malipo yaliyopotea naona yalivuja sehemu mbili. Kwanza, programu inayotuma: je, husubiri uthibitisho wa RabbitMQ kwamba ujumbe umehifadhiwa, au hurusha na kuendelea? Ni lazima isubiri, na usipofika itume tena. Pili, programu inayopokea: ukiwa umewasha kukiri kupokea kwa moja kwa moja (auto-ack), ujumbe hufutwa mara tu unapotumwa kwake, hata kama haijaandika chochote. Kiri mwenyewe, baada ya hifadhidata kukubali.

Ukifanya hivyo, kuna ujumbe utakaofika mara mbili. Hilo halikwepeki, na mteja asihesabiwe shilingi mara mbili kwa sababu yake. Ifanye namba ya muamala ya M-Pesa iwe ya kipekee kwenye jedwali la malipo, ya pili ikataliwe.

Kwenye programu zako weka pia anwani za seva zote tatu, ziweze kujiunganisha upya.

Kisha jaribu mchana, timu ikiwa macho. Tuma ujumbe 1,000 wenye namba kuanzia 1. Katikati, tumia amri ya `rabbitmq-queues quorum_status` pamoja na jina la foleni, ujue seva gani inaongoza foleni, halafu chomoa waya wake wa umeme. Mwishoni hesabu namba. Zilizojirudia si neno. Ikikosekana hata moja, usirudishe malipo ya wateja kwenye foleni hiyo mpaka ujue ilipotelea wapi.